Franco na Nico Katika Santuri Moja

Mtu akipenda vitu viwili hutamani pia kuviona pamoja. Mpenzi wa mpira humtaka mchezaji hodari wa timu hii acheze ubavuni mwa mchezaji hodari wa timu ile. Msomaji wa mashairi hutamani malenga wawili waliompendeza wangetunga utenzi mmoja. Na mpenzi wa muziki, akiisha kumsikiliza fundi mmoja wa gitaa, kisha akamsikiliza wa pili, huuliza: ingekuwaje kama wangepiga pamoja? Swali hili ni la ndoto, na ndoto haitozwi kodi. Walakini si swali la kupuuzwa. Jinsi mtu anavyolijibu huonyesha kama amesikiliza muziki wenyewe, au amesikiliza majina tu.

Katika muziki wa Kongo ndoto hiyo ina majina mawili. La kwanza ni la François Luambo Makiadi, aliyejulikana kwa jina la Franco, ambaye alizaliwa Sona Bata tarehe 6 Julai 1938. La pili ni la Nicolas Kasanda, aliyejulikana kwa jina la Dokta Nico, ambaye alizaliwa Mikalayi, katika nchi ya Kasai, tarehe 7 Julai 1939. Umri wao ulipishana kwa mwaka mmoja na siku moja. Wote wawili walikulia katika mji wa Léopoldville, ambao tangu mwaka 1966 huitwa Kinshasa. Wote wawili walianza kurekodi nyimbo wakiwa vijana wadogo, katika miaka ya 1950. Wote wawili walipewa na wapenzi wao majina yapitayo kiasi: huyu aliitwa mchawi wa gitaa, na yule aliitwa mungu wa gitaa. Na wote wawili wamekwisha kuaga dunia. Nico alifariki Brussels mwaka 1985, na Franco alifariki katika nchi hiyo hiyo ya Ubelgiji mwaka 1989. Ndoto ya kuwasikia pamoja haiwezi kutimizwa tena na mtu yeyote. Hata hivyo wapenzi wa muziki, katika Kongo na katika nchi zetu hizi za Afrika Mashariki, bado huibishania kana kwamba studio imekwisha kukodiwa na mafundi wamekwisha kuwasili.

Ukiwasikiliza wabishani hao kwa subira utaona kuwa wamegawanyika makundi matatu. Kundi la kwanza husema kwamba mkusanyiko huo ungetoa santuri bora kupita zote zilizotangulia, kwa sababu uzuri ukiongezwa juu ya uzuri huzaa uzuri mara mbili. Kundi la pili hutikisa kichwa na kutaja methali tuliyofundishwa sote utotoni, kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Kundi la tatu halitaki hata kidogo santuri ya pamoja; linataka vita. Husema: waleteni wapige, nasi tutajua nani angemmeza mwenziwe. Kazi ya mhakiki ni kupima maneno ya makundi haya moja moja, si kwa kupaza sauti kuliko yote matatu, bali kwa kuyalinganisha na mambo yaliyotokea na sauti zilizorekodiwa.

Kabla ya kupima hayo, yafaa tujue mafundi hawa walikuwa wakifanya nini kwa vidole vyao. Watu wa Kongo wenyewe huzungumza juu ya shule mbili za muziki wao. Shule moja ni ya African Jazz, bendi iliyoundwa na mwimbaji Joseph Kabasele mwaka 1953, ambamo Nico alipiga gitaa tangu ujana wake. Shule ya pili ni ya OK Jazz, bendi iliyozaliwa Léopoldville mwezi wa Juni 1956, ambamo Franco alikuwa miongoni mwa waanzilishi na baadaye akawa kiongozi mpaka mwisho wa maisha yake. Neno shule hapa halina maana ya darasa na ubao. Maana yake ni njia ya kupiga ambayo mkubwa huionyesha na mdogo huifuata.

Gitaa la Nico ni safi na lenye mtiririko. Kila sauti husimama peke yake, kama ushanga katika uzi, lakini uzi haukatiki. Huanza wazo chini, akalipandisha taratibu, akalizungusha, na kulishusha tena mahali usipopatazamia. Alipenda pia gitaa la Kihawaii, ambalo sauti yake huteleza kutoka noti hata noti bila ya kuonyesha kiungo. Mtu anayemsikiliza Nico hupenda kuketi. Huogopa kwamba akiinuka mapema atakosa mwisho wa sentensi.

Gitaa la Franco ni kali, na lina ukwaruzo wa chuma. Alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada, na alipenda kugusa nyuzi mbili kwa pamoja, sauti moja ikiwa juu ya mwenziwe, hata ikasikika kama watu wawili waseme neno moja. Zaidi ya yote alipenda kurudia. Hushika kipande kifupi, akakirudia, akakigeuza kidogo, akakirudia tena, na joto likapanda kila mara. Mtu anayemsikiliza Franco huanza kwa kutikisa mguu, na baada ya kitambo hujikuta amesimama bila ya kukumbuka nani aliyemwinua.

Hawa basi si mafundi wawili wa kazi moja. Mmoja ni msimuliaji wa sentensi ndefu; wa pili ni mpigaji wa neno moja mpaka neno hilo lipate maana kumi. Tofauti hii ndiyo chanzo cha hamu ya wapenzi wao, na ndiyo pia chanzo cha shaka. Tuanze sasa kupima.

Kundi la tatu, lile litakalo vita, halihitaji maneno mengi. Pwani yetu ilijua mashindano tangu zamani. Vyama vya ngoma ya beni, kama Marini na Arinoti, vilishindana kwa mavazi, kwa tarumbeta, kwa nyimbo na kwa karamu, na kila upande ulikuwa na watu wake waliokuwa tayari kuapa kwamba upande wa pili hauna lolote. Mashindano ya namna hiyo yana faida yake: humfanya kila mmoja ajitahidi. Lakini anayekwenda kumshangilia mtu wake huenda na hukumu mfukoni. Amekwisha kuiandika kabla ya ngoma kulia, na sauti yoyote itakayolia haitafuta hata herufi moja. Mtu wa Franco atasikia wepesi katika gitaa la Nico, na mtu wa Nico atasikia ukaidi katika gitaa la Franco. Wote wawili watarudi nyumbani kama walivyotoka. Mahali ambapo sikio halina nafasi ya kubadili nia, hapana uhakiki.

Kundi la pili lina methali, na methali ni hoja yenye nguvu kwa sababu imetumiwa na watu wengi kabla yetu. Lakini kazi ya methali ni kutuamsha tutazame, si kutufunga macho. Tutazame basi kama fahali wa Kongo walishindwa kukaa zizi moja.

Mwezi wa Januari 1960 viongozi wa Kongo waliitwa Brussels, kwenye Mkutano wa Meza ya Duara, kuzungumza na Wabelgiji juu ya uhuru wa nchi yao. Kabasele alisafiri na bendi kwenda huko. Hakuchukua watu wa African Jazz peke yao. Pamoja na Nico, na kaka yake Nico aliyeitwa Dechaud, alichukua pia watu wawili wa OK Jazz: mwimbaji Vicky Longomba na mpiga gitaa Brazzos. Watu wa shule mbili wakapiga jukwaa moja, na katika safari hiyo ukatoka wimbo wa "Indépendance Cha Cha", ambao ulivuka mipaka ya Kongo na kuchezwa katika nchi nyingi za Afrika zilizokuwa zikingojea siku yao. Franco hakuwamo, alibaki Léopoldville. Kwa hiyo ndoto ya wapenzi wa muziki ilikaribia kuwa kweli mapema kuliko wengi wanavyodhani. Nusu ya daraja ilijengwa mwaka 1960, na watu wa pande zote mbili wakavuka, isipokuwa mmoja.

Upande wa pili wa ushahidi uko hivi. Mwaka 1963 Nico na mwimbaji Rochereau, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa jina la Tabu Ley, walimwacha Kabasele na kuunda bendi ya African Fiesta. Hawa wawili walikuwa wa shule moja. Mmoja alikuwa na sauti ya koo, na mwenziwe alikuwa na sauti ya nyuzi, wala hapakuwa na kazi waliyogombania. Hata hivyo bendi ilivunjika baada ya miaka michache. Nico akashika njia yake na African Fiesta Sukisa, na Rochereau akashika yake. Hapa methali imesema kweli, lakini kwa sababu ambayo wasemaji wake hawakuitazama. Fahali hawa hawakufarakana kwa sababu walipiga chombo kimoja. Bendi ni kazi, jina na mapato, na kila mmoja wao alikuwa amekua kiasi cha kutaka zizi lake mwenyewe.

Kisha ukaja mwaka 1983. Franco na Tabu Ley walikuwa wameongoza bendi mbili kubwa kuliko zote za nchi yao kwa muda mrefu, na wapenzi wao walikuwa wamezoea kuwaona kama mahasimu. Mwaka huo wakarekodi pamoja. Kabasele, ambaye Tabu Ley alimhesabu kuwa mwalimu wake, alifariki mwezi wa Februari 1983, na mojawapo ya nyimbo zao ilikuwa ya kumkumbuka. Hakuna aliyemmeza mwenziwe. Kwa nini fahali hawa wawili waliweza, na wale wa African Fiesta hawakuweza? Kwa sababu hawakuhamia zizi moja, walikutana malishoni. Kila mmoja alikuwa na bendi yake, watu wake, na mahali pa kurudi. Aliyekuja alikuja kama mgeni, na mgeni hagombei ufunguo wa ghala.

Jambo hili ndilo hoja kubwa kabisa ya watu wanaoitetea ndoto ya Franco na Nico, na ni ajabu kwamba wao wenyewe huitaja kwa nadra. Mwaka 1983 Nico alikuwa hai. Baada ya kukaa kando ya muziki tangu miaka ya 1970, alikuwa amerudi studioni mwanzoni mwa miaka ya 1980, na alirekodi Lomé, katika nchi ya Togo. Franco naye alikuwa na nguvu zake zote. Kama Franco aliweza kukutana na Tabu Ley, basi kukutana kwake na Nico hakukuwa jambo lisilowezekana. Methali ya fahali wawili haitoshi kuifunga kesi.

Sasa tulipime kundi la kwanza, lile lisemalo kwamba uzuri ukiongezwa juu ya uzuri huwa uzuri mara mbili. Hili ndilo kundi lenye watu wengi, na ndilo lenye kosa gumu kulitambua, kwa sababu maneno yake ni ya upendo.

Magitaa ya rumba ya Kongo hayapigi yote kazi moja. Gitaa la besi hushika ardhi. Gitaa la rithimu husuka mkeka, nalo husuka bila ya kupumzika tangu mwanzo wa wimbo hata mwisho. Gitaa la solo ndilo hutembea juu ya mkeka huo, likawajibu waimbaji, na waimbaji wakinyamaza likashika uwanja katika sehemu ile iitwayo sebene. Msikilizaji asiyezoea husikia solo peke yake na kumsifu mpigaji wake. Lakini jaribu kuuondoa mkeka, uone kama huyo msifiwa ana mahali pa kukanyaga. Katika African Jazz, na katika African Fiesta pia, mkeka wa Nico ulisukwa na Dechaud, kaka yake wa damu. Katika OK Jazz, tangu mwaka 1961, alikuwapo Simaro Lutumba, mpiga rithimu na mtunzi mkubwa kwa haki yake mwenyewe. Sifa tunazowapa Franco na Nico zina deni kwa watu hawa, na deni hilo hulipwa kwa nadra.

Basi anayetaka Franco na Nico wapige pamoja lazima ajibu swali hili: nani angesuka mkeka? Wote wawili ni wapiga solo. Ukiwaweka wote juu na kuwaacha watembee kwa wakati mmoja, utapata wasemaji wawili wanaozungumza pamoja, na hakuna asikiaye. Ukimwambia mmoja ashuke apige rithimu, umempata mtu mmoja na nusu. Tena nusu hiyo haitafanya kazi vizuri kuliko Dechaud au Simaro, ambao walikuwa wamejitolea kwa kazi hiyo tangu ujana. Hesabu ya kujumlisha haifai hapa. Chumvi ni nzuri na sukari ni nzuri, lakini mpishi hapimi uzuri wa mchuzi kwa kujumlisha vibaba.

Kuna jambo la pili ambalo kundi hili hulisahau, nalo ni ukubwa wa santuri yenyewe. Katika miaka ya 1960, Nico na Franco walipokuwa wote wawili katika umaarufu, muziki wa Kongo uliuzwa kwa santuri ndogo ambazo upande mmoja ulichukua dakika chache tu. Katika dakika hizo kulikuwa na utangulizi, ubeti, kiitikio, na sebene fupi. Sentensi ndefu ya Nico ilitosha humo kwa sababu alijua kuipima. Marudio ya Franco yalitosha kwa shida, kwa maana joto la kurudia linahitaji muda. Kuwaweka wote wawili katika dakika hizo kungekuwa kama kuwapa malenga wawili ubeti mmoja na kuwaambia wagawane vina. Santuri kubwa zilipokuja kushika soko, Franco alipata nafasi aliyoihitaji siku zote. Wimbo wake wa "Mario", uliotoka mwaka 1985, hupita dakika 10, na hakuna dakika iliyo bure. Lakini wakati huo Nico alikuwa amekaa kimya kwa miaka mingi, na mwaka huo huo wa 1985 ndio aliofariki. Palipokuwa na wapigaji wawili hapakuwa na nafasi, na ilipopatikana nafasi alibaki mpigaji mmoja. Ukitafuta sababu ya kukosekana kwa santuri hiyo, usitazame wivu peke yake. Tazama na saa.

Yako pia mambo yanayotuhusu sisi wasikilizaji wa Kenya. Santuri za Kongo zilifika Nairobi, Mombasa na Kisumu, na sauti za redio zikafika hata vijijini, lakini lugha ya Kilingala haikufika kwa kiasi hicho. Wengi wetu tuliupenda muziki huo bila ya kujua maneno yake. Kwa njia moja hali hiyo ilitufaa, maana ilitulazimisha kuyasikiliza magitaa. Kwa njia nyingine ilitupotosha. Franco hakuwa mpiga gitaa tu. Alikuwa mtunzi, mwimbaji, na msemaji wa mambo ya mjini. "Mario" ni kisa cha kijana msomi anayelishwa na mwanamke aliyempita umri, na Kongo nzima ilikijadili kisa hicho kabla ya kulijadili gitaa. Nico, kwa upande wake, aliwaachia wengine sehemu kubwa ya kazi ya kuimba, akaweka usemi wake katika nyuzi. Kwa hiyo tunaposema "tuwakutanishe wapiga gitaa wawili", tunamleta Nico karibu mzima, lakini Franco tunamleta nusu. Mshindani wake anayelalamika kwamba Franco hurudia mno hajui kwamba juu ya marudio hayo palikuwa na mtu anayesimulia, na kwamba gitaa lilikuwa likimngojea amalize neno lake.

Je, baada ya haya yote ndoto hiyo ni ya upuuzi? La. Nadhani ingewezekana, tena ingefaa, lakini kwa umbo lingine, na umbo hilo sisi watu wa Kiswahili tunalo tangu zamani katika ushairi wetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi katika karne ya 18 na ya 19, alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu kama Zahidi Mgumi, wakati miji yao miwili ilipokuwa na uadui. Hawakuketi pamoja kutunga shairi moja. Mmoja alitunga, mwenziwe akapokea, akalishika jambo lile lile, akalijibu kwa maneno yake. Uhasama ulikuwapo, lakini ulitiwa katika mizani ya shairi, na kila jibu lililazimika kulisikiliza swali kabla ya kulipiga. Leo hatuwasomi kwa kutaka kujua nani alishinda. Twawasoma kwa sababu kila mmoja alimfanya mwenziwe aseme vizuri zaidi.

Umbo hilo ndilo lingewafaa Franco na Nico. Mkeka mmoja usukwe na mpiga rithimu aliye imara. Nico aseme sentensi yake mpaka mwisho. Kisha Franco achukue neno moja tu katika sentensi hiyo, alirudie, aligeuze, alichemshe. Na Nico apokee tena alipoachia mwenziwe. Wasiwe juu pamoja. Wapokezane. Hapo tofauti yao isingekuwa kizuizi, bali ingekuwa ndiyo kazi yenyewe.

Tena nitatoa hukumu yangu, kwa maana mhakiki asiyehukumu ni mtalii. Katika santuri ya namna hiyo naamini Nico ndiye angekuwa na hatari kubwa zaidi. Mtindo wake unahitaji ardhi iliyotulia, ili sikio liweze kufuata safari ya sauti yake. Franco haachi ardhi itulie. Gitaa lake huuvuta hata mkeka wenyewe, na kila apigaye karibu naye huvutwa pamoja nao. Papa Noël, aliyewahi kupiga katika African Jazz, aliingia OK Jazz mwaka 1978, na akaipamba bendi hiyo kwa ulaini wake. Lakini aliipamba nyumba ya Franco, hakuijenga upya. Nico naye angeweza kujikuta amegeuka pambo. Ili lisitokee hilo, Franco angelazimika kutoa alichokipenda kuliko vyote, yaani uongozi wa joto. Angelazimika kungoja. Sioni kwamba hilo lilikuwa juu ya uwezo wake, kwa maana mwaka 1983 alionyesha kwamba anajua kumngoja mtu. Lakini hilo ndilo lingekuwa bei, na mpenzi wa muziki anayeitamani santuri hiyo hana budi kuitaja bei yake pamoja na utamu wake.

Hapa ndipo penye somo kwa mwanafunzi, wala si somo la muziki peke yake. Kila mara utakaposikia watu wakitamani mafundi wawili waunganishwe, wawe waandishi, wachezaji au viongozi, usiulize kwanza majina yao ni makubwa kiasi gani. Uliza kila mmoja anafanya kazi gani. Uliza nani hubeba mzigo usioonekana ili kazi hiyo isimame. Uliza kila mmoja angelazimika kuacha nini, na kama kilichoachwa si ndicho hasa tulichompendea. Maswali haya hayaondoi raha ya kuota. Huifanya ndoto iwe na mifupa.

Na ukitaka kuanza leo, kazi si ngumu. Tafuta wimbo mmoja wa Franco, tuseme "On entre O.K., on sort K.O.", uliotoka mwaka 1956 na ambao jina lake likawa kama kaulimbiu ya bendi yake. Tafuta na wimbo mmoja wa Nico, tuseme "Biantondi Kasanda". Sikiliza wa kwanza mara mbili: mara ya kwanza fuata solo, na mara ya pili fuata gitaa la rithimu peke yake, tangu mwanzo hata mwisho, bila ya kukubali kuvutwa na jingine. Fanya vivyo hivyo kwa wimbo wa pili. Kisha andika katika daftari lako ni wapi katika wimbo wa Nico ungemwita Franco aingie, na ni wapi ungemwambia anyamaze. Mpe mwenzako wa darasani, yule mnayebishana naye kila siku, afanye kazi hiyo hiyo peke yake. Halafu kaeni pamoja mlinganishe madaftari yenu, na pale mnapotofautiana, rudini mkausikilize wimbo tena kabla ya mtu yeyote kufungua kinywa.